Kihisi cha dirisha ni kihisi cha nini?

Kile kidude cheupe cha plastiki kinachobandikwa dirishani ili king'ora kilie mwizi akilifungua, madukani wengi wanakiita sensa. Jina hilo linagongana na sensa ya watu na makazi, kama ile ya mwaka 2022, ndiyo maana napendelea kihisi, kutokana na kuhisi. Wingi wake vihisi. Hata hivyo kihisi peke yake hakimsaidii mnunuzi. Lazima aambiwe kinahisi nini.

Chukua nyumba ya Magole, wilayani Kilosa, iliyo kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Malori yanapita usiku kucha. Ukiweka kihisi mtetemo, kinachosubiri kioo kitikisike, kinaweza kupiga kelele bila mwizi hadi majirani waache kuitikia, na hapo kimeshapoteza kazi. Kihisi mwendo hufuatilia joto la mwili linalopita mbele yake chumbani. Ni kizuri, ila nyumba zetu zina nondo: mwizi haingii. Anasukuma kioo kinachoteleza, anapenyeza fimbo yenye ndoano, anavuta simu na suruali.

Kinachomfaa mwenye nyumba huyo ni kihisi sumaku. Ndani yake mna kichupa cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma, ubunifu wa Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, mwaka 1936. Kichupa hukaa kwenye fremu, sumaku kwenye kioo kinachosogea. Dirisha likifungwa, sumaku inazikutanisha ndimi na umeme unapita. Likisogezwa sentimita chache, ndimi zinaachana, mkondo unakatika, king'ora kinalia kabla fimbo haijafika kitandani. Kwa mfumo wa nyaya, hata mwizi akikata waya matokeo ni yaleyale, na huo ndio uzuri wake mkubwa.

Jina kihisi sumaku linaonyesha pia mpaka wa kifaa. Hakijui mtu, kinajua sumaku iko karibu au imeondoka. Kioo kikivunjwa dirisha likiwa limefungwa, kihisi hicho kitanyamaza. Hapo panahitajika kihisi mpasuko, kinachosikiliza mlio wa kioo kinachovunjika. Kwenye madirisha ya luva kihisi sumaku hakina maana, kwa sababu vioo huchomolewa kimoja kimoja.

Fundi naye ana lake la kuangalia. Fremu ya alumini haina shida, lakini ya chuma hudhoofisha nguvu ya sumaku, hivyo aweke kipande cha plastiki au ubao kati ya kifaa na fremu. Na kwa kuwa joto la Magole haliruhusu kulala madirisha yakiwa yamefungwa, aongeze sumaku ya pili kwenye kioo, mahali itakapokutana na kichupa dirisha likiwa wazi kiasi cha kupitisha upepo tu. Bila hiyo, mwenye nyumba atazima mfumo mzima kila usiku wa joto.