Mkunga na Taya Lake la Pili

Maji yakikupwa na mwamba ukabaki wazi, mtafuta pweza huchungulia vizuri kabla ya kutia mchokoo shimoni, kwa sababu pweza huyo huwindwa pia na mkunga. Mkunga mkubwa, anayeweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 30, huishi kwenye matumbawe kuanzia pwani ya Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu hadi visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1859 Pieter Bleeker, daktari wa jeshi la Uholanzi aliyekuwa Batavia, Jakarta ya leo, alimpa jina la kisayansi linalotokana na kisiwa cha Java.

Kilichowatisha watu zaidi ni kinywa chake, ambacho hufumbuka na kufumba bila kukoma. Wengi walidhani anatishia. Mara nyingine ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwani hufanya hivyo hata akiwa peke yake. Samaki wengi husukuma maji kwa vifuniko vya mashavu. Mkunga ana tundu dogo tu kila upande, kwa hiyo hutegemea sana kinywa kuvuta maji. Anapumua.

Fumbo gumu zaidi lilikuwa namna anavyomeza. Samaki wengi hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi na kukokota windo mpaka kooni. Kichwa cha mkunga ni chembamba, kinafaa kupenya mianya ya mwamba, na hakiwezi kuvuta maji kwa nguvu hiyo. Wataalamu walijua kwamba ana taya jingine kooni, lakini hilo peke yake halikuwa ajabu, maana samaki wengi wanalo la kusagia chakula.

Jibu lilitolewa mwaka 2007 na Rita Mehta na Peter Wainwright wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliomchunguza mkunga wa Atlantiki, Muraena retifera, kwa video za kasi na eksirei. Taya la mbele linapong'ata windo, lile la kooni huchomoka nyuma ya fuvu, huja mbele hadi kinywani, hulidaka kwa meno yaliyopinda kama ndoana, kisha hulivuta kuelekea kwenye umio. Maji hayahitajiki kulibeba.

Kama ni hivyo, je, mkunga anaweza kula nchi kavu? Swali hilo halikuwa la mzaha, kwa kuwa kulikuwa na habari za mikunga waliotoka majini kukamata kaa ufukweni. Mehta na Kyle Donohoe waliwazoeza mikunga wadogo wenye mabaka, Echidna nebulosa, kupanda ubao wa mteremko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Mkunga alipanda, akang'ata kipande cha ngisi, akakimeza palepale bila kurudi majini.