Kumbi za Dar: zamani kiingilio, leo "bia yako tu"

Wadau, mnaijua Sikinde, si ndiyo? Jina lake rasmi Mlimani Park Orchestra. Sasa unaambiwa hiyo Mlimani Park ilikuwa baa! Bendi ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikabeba jina la baa iliyokuwa inapiga. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la jiji lililokuwa na ukumbi wake pale Kariakoo. Mahasimu wao Msondo nao walianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi.

Utamu uko hapa: vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mpiga gitaa alikuwa na mshahara kama karani. Ukumbi ukipoa leo, mwisho wa mwezi bado upo.

Siku hizi baa kibao unaingia bure, unalipia bia yako tu. Kwako nafuu. Kwa bendi, mkate wote uko kwa mwenye baa. Akiona DJ ni bei chee, wanafungasha vyombo. Kwa hiyo ukikuta kiingilio mlangoni, usinune. Hiyo ndiyo mishahara yao.