Zao Lisilo na Likizo

Kijana aliyeajiriwa lakini anatamani kuandika, kuchora au kupiga muziki hupewa ushauri mmoja kila aendako: amka saa kumi alfajiri, ufanye kazi yako kabla ya kazi ya mwajiri. Ushauri huo ulizaliwa ofisini. Upeleke Litein, Mogogosiek au Kapkatet nchini Kenya, utakuta alfajiri ilishachukuliwa zamani. Ng'ombe wamekamwa, watoto wameandaliwa kwenda shule, na jua linapochomoza mtu yuko katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi. Kwake yeye swali la saa halina maana kubwa. Linalomtawala ni swali la msimu, na msimu hana.

Hapo ndipo ningependa tuutazame ukanda huo wa chai, wa Kericho na Bomet, pamoja na nchi nyingine za chai. Kusini mwa mkoa wa Jiangxi, China, wachumaji waliimba mashambani. Nyimbo zile zikaingia katika ngoma za sherehe, zikapata wahusika, mzaha, mavazi na hadithi, mwishowe zikawa maigizo kamili yenye vikundi vyake, yanayoitwa caichaxi, maigizo ya kuchuma chai. Mwaka 2006 China iliyaweka katika orodha yake ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Fikiria safari hiyo: wimbo wa mtu aliyeinama juu ya kichaka unapanda jukwaani.

Tukisema Wachina wana bidii kuliko sisi tutakuwa tumesema uongo. Walikuwa na majira ya baridi. Huko mchai hulala kipupwe, na chumo lenye thamani kubwa huja majira ya kuchipua. Assam, India, nako ni hivyo: mwaka unapokwisha michai hupogolewa, na kwa wiki nyingi mashamba hayatoi jani la maana. Katikati ya Januari jamii za wafanyakazi wa chai, ambao mababu zao walipelekwa huko na Waingereza katika karne ya 19 kutoka maeneo kama Chota Nagpur, huadhimisha Tusu kwa kuimba. Shamba limelala, kwa hiyo mtu anaamka.

Kericho iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, na mvua hainyimi mwezi wowote kabisa. Kichaka kilichochumwa leo kitadai mikono tena baada ya siku 7 hadi 14, iwe Aprili au Novemba. Sifa hiyohiyo inayofanya chai ya Kenya itafutwe Mombasa mnadani, kwamba ipo mwaka mzima, ndiyo inayomnyima mchumaji majira ya kwake. Sijaona jambo hili likitajwa tunapolaumu vijana wa huko kwamba vipaji vyao vinaishia kwaya ya Jumapili. Kwaya ya Jumapili inastahili heshima kubwa kuliko tunavyoipa, maana Jumapili ndiyo msimu wao wote.

Ukanda huu una ushahidi wake wa zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti, alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha". Wimbo ulimwita kiumbe nusu mtu nusu paa aje acheze, na jina lake lilitokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Rodgers mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa reli, mshika breki, akiimba pembeni. Kifua kikuu ndicho kilichomtoa relini, akaingia studio mwaka 1927, akafa 1933. Wasichana wa Kapkatet walichukua sauti ya mtu huyo wakaifanya yao kabisa, na rekodi yao inasikilizwa duniani hadi leo.

Wimbo huo uliporekodiwa, mashamba makubwa ya kampuni za Brooke Bond na African Highlands yalikuwa tayari Kericho tangu miaka ya 1920, lakini chai ya wakulima wadogo ilikuwa haijaanza. Kapkatet ya 1950 iliishi kwa wimbi, mahindi na ng'ombe, nayo mavuno ya wimbi yana mwanzo na mwisho. Baada ya mavuno palikuwa na pombe, jando na ngoma. Sidai kwamba wimbi lilitunga "Chemirocha". Nadai kwamba lilimwachia mtunzi nafasi. Shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, liliundwa mwaka 1964. Leo Kapkatet ina kiwanda chake na vilima vya jirani ni kijani tupu.

Pwani inatupa kipimo kingine. Mwandishi Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na kubaki mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, akihamishwa huku na huko, na katika muda huo akaandika sehemu kubwa ya tunayoyasoma. Ofisi iliachana naye jioni ikamwachia mikono, kalamu na meza. Mwimbaji Siti binti Saad, ambaye Shaaban aliandika wasifu wake, alikuwa mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba hadi mjini Unguja. Uchuuzi ulimchosha miguu ukamnoa sauti, kwa kuwa bidhaa ilitangazwa kwa kuimba, na mwaka 1928 sauti hiyo ilirekodiwa Bombay. Mchumaji wa Bomet yuko karibu na Siti kuliko na Shaaban: kazi inachukua mikono na mgongo, inaacha kinywa. Kumwambia arudi nyumbani saa kumi na moja jioni akaandike riwaya ni kumpa kipimo cha karani.

Hata kinywa hicho sasa kina mshindani. Mashine za kuchuma zinaunguruma, hakuna wimbo unaopita juu ya injini. Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto Kericho na watu waliokuwa wakililia ajira. Hasira yao ilikuwa ya mkate, nami siwasingizii sababu nyingine. Ila mashine inapowaondoa watu kumi mstarini, inaondoa pia kiitikio.

Anayenishawishi zaidi kuhusu kalenda ni mwalimu. Soma maelezo ya waandishi nyuma ya riwaya na diwani za Kiswahili nchini Kenya, uone ni wangapi walimu. Mwalimu ana Aprili, Agosti na Desemba, na mshahara hauchelewi kwa sababu shule imefungwa. Mfanyakazi wa kudumu shambani anazo siku 21 za likizo ya malipo kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Mkulima mdogo hana hata moja.

Ana kitu kinachokaribia msimu, nacho ni Januari na Februari, jua linapokaza na majani kupungua. Hapo muda hupatikana, ila malipo ya mwezi nayo hushuka. Fedha nzito, bonasi, huingia karibu na Oktoba, mvua inaporudi na vichaka kumwita. Muda na fedha vimepishana miezi minane. Kupishana huko kuna dawa inayojulikana tayari katika kila kituo cha kununulia majani: mkopo wa mbolea. KTDA huwapa wakulima mbolea kwa mkopo, kisha gharama hukatwa polepole kwenye malipo ya majani, na hakuna anayeona ajabu. Saa za studio mwezi Februari, au gitaa, au kuchapa kitabu chembamba cha hadithi za bibi, vingeweza kukopeshwa na kukatwa kwa daftari hilohilo.