Mwenyeheri Floribert Bwana Chui: Kwa Nini Kanisa Linamwita Shahidi?

Tangu tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui wa Goma alipotangazwa Mwenyeheri katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, jina lake limekuwa likitajwa mara nyingi katika mahubiri na mafundisho. Hivi karibuni mwamini mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya ununuzi aliniuliza baada ya Misa: “Padre, kijana huyu hakuambiwa amkane Kristo. Alikataa rushwa tu. Iweje aitwe shahidi?” Swali hilo lina uzito, hasa likitoka kwa mtu ambaye kila wiki huwekewa bahasha mezani. Ili kulijibu, yafaa kwanza tumfahamu mhusika.

Floribert alizaliwa tarehe 13 Juni 1981 huko Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Ni mji uliopo kando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, chini ya mlima Nyiragongo ambao volkano yake iliteketeza sehemu ya mji huo mwezi Januari 2002. Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na nyumbani huko, na ndiyo maana sisi hatuhitaji mkalimani kulielewa jina lake. Alisoma sheria. Akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, chama cha kitume kilichoanzishwa Roma mwaka 1968, na humo alijulikana kwa jinsi alivyowahudumia watoto wa mitaani: kuwafundisha, kula nao, kuwatafutia nafasi ya kurudi shuleni.

Habari nyingi zilimwita afisa wa forodha. Kwa usahihi zaidi, aliajiriwa na ofisi ya serikali ya Congo inayokagua ubora wa bidhaa, na kituo chake kilikuwa mpakani. Mwaka 2007 ulifika mbele yake mchele ulioharibika, ukitokea ng’ambo ya mpaka, nao wenye mzigo wakataka uingie sokoni. Aliahidiwa fedha, akashinikizwa, akakataa. Chakula kile kikaharibiwa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Mwili wake ulipatikana siku mbili baada ya kutekwa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sasa turudi kwenye swali. Ili mtu ahesabiwe kuwa shahidi, Kanisa huchunguza mambo mawili kwa pamoja: je, yeye mwenyewe alikipokea kifo kwa ajili ya Kristo, na je, wauaji walisukumwa na chuki dhidi ya imani, ambayo kwa Kilatini huitwa odium fidei? Wengi wetu tunapolisikia fungu hilo la maneno tunamfikiria mfalme wa kipagani akimwamuru Mkristo aitemee mate sanamu ya Msalaba. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, aliuliza waziwazi kama ni imani peke yake inayomfanya mtu kuwa shahidi. Akajibu kwa kumtaja Yohane Mbatizaji. Herode hakumtaka Yohane aikane imani. Alimkata kichwa kwa sababu Yohane aliikemea ndoa isiyo halali. Hata hivyo Kanisa limeadhimisha ushahidi wake tangu kale. Tendo lolote la fadhila, likifanywa kwa ajili ya Mungu, ni ungamo la imani, na anayemwua mtu kwa sababu ya tendo hilo huwa ameichukia imani iliyolizaa, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa na Jumapili hukaa kiti cha mbele kanisani.

Kwa msingi huohuo Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, mtawa wa Congo aliyeuawa mwaka 1964 akiutetea usafi wake wa moyo, aliheshimiwa kama shahidi mwaka 1985. Na huko Sicilia, hakimu Rosario Livatino, aliyeuawa na genge la kimafia mwaka 1990, alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2021. Livatino ni ndugu wa karibu sana wa Floribert: wote wawili ni walei, wote ni watumishi wa umma, na wote waliuawa kwa sababu ya kazi iliyofanywa vizuri.

Hapo ndipo ninapotofautiana kwa upole na neno “tu” la mwulizaji wangu. Floribert alijua wale watakaoula mchele ule ni akina nani. Ni maskini wanaonunua cha bei ya chini, wakiwamo watoto aliowafahamu kwa majina. Kwake haki ilikuwa na nyuso.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwaeleza vijana habari zake mjini Kinshasa, mwezi Februari 2023, na tarehe 25 Novemba 2024 akaidhinisha hati inayoutambua ushahidi wake. Ibada ya kumtangaza, iliyoongozwa na Kardinali Marcello Semeraro, haikufanyika Goma. Mwezi Januari 2025 mji huo ulikuwa umetwaliwa na waasi wa M23.

Waamini wa jumuiya moja wameuliza kama wanaweza kumchagua awe somo wao. Mwenyeheri huruhusiwa kupewa heshima ya hadharani mahali maalumu tu, hasa katika jimbo lake, ambako kumbukumbu yake ni tarehe 8 Julai. Kwingineko lazima kwanza ruhusa ipatikane, kwa hiyo ombi hilo lipitie kwa paroko hadi kwa Askofu. Kusali kwa faragha kwa maombezi yake hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Muujiza haukutakiwa ili atangazwe Mwenyeheri, kwa kuwa ni shahidi, ila unahitajika mmoja ili atangazwe Mtakatifu. Anayeamini kuwa amepata neema ya pekee kwa maombezi yake aiandike, pamoja na tarehe na vyeti vya daktari kama vipo, aikabidhi kwa paroko wake.