Njia ya Reli, Njia ya Miguu: Hoja ya Kulinda Ukanda wa Reli ya Zamani Kibaha na Kisarawe

Utangulizi

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, mjadala wa reli nchini umekuwa wa kasi na muda. Reli ya geji ya mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, imewekwa kando ya mjadala huo. Haijafa, kwani treni za mizigo bado zinaipita. Lakini swali la hatima yake haliepukiki, na katika mkoa unaopakana na Dar es Salaam, swali la ardhi likichelewa kuulizwa hujibiwa na wauza viwanja.

Makala haya yanadai kwamba ukanda wa reli hiyo umekuwa na kazi mbili kwa zaidi ya karne moja: kupitisha treni na kupitisha watu kwa miguu. Kazi ya kwanza ina sheria, bajeti na wasimamizi. Ya pili haina mtetezi. Siku treni zitakapopungua au kukoma, ukanda huo unapaswa kubaki mikononi mwa umma ukiwa mzima, kwa sababu manufaa yake kwa mtembea kwa miguu yanatokana na kutokatika kwake.

Tuta na kijia

Reli hiyo ya zamani, yaani Reli ya Kati, hupanda vilima vya Pugu, jirani na mji wa Kisarawe, kisha huelekea Mpiji na Soga hadi bonde la mto Ruvu, ikaendelea Kwala na Magindu. Reli mpya imefuata uelekeo unaokaribiana na huo, ila kati ya jiji na Ngerengere abiria wake wana vituo vitatu tu: Pugu, Soga na Ruvu. Stesheni ndogo, ambako wauza maembe na mihogo waliwahi madirishani kila treni ilipotua, hazina mrithi katika mpango huo. Kwa wakazi wa vijiji vilivyo kati ya kituo na kituo, kufika kituoni ni safari yenyewe, na wengi huifanya kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda.

Anayetembea kando ya reli kati ya Soga na Ruvu huelewa upesi kwa nini njia hii inapendwa. Mataruma yamepangwa kwa nafasi fupi kuliko hatua ya mtu mzima, hivyo miguu huyaacha na kushuka ukingoni mwa kokoto. Hapo ndipo kilipo kijia cha upana wa mtu mmoja, kimekanyagwa kikawa kigumu kama sakafu. Masika, bonde linapojaa maji na udongo mweusi unaponata miguuni, tuta hubaki juu. Penye kijito pana kalavati au daraja, kazi ambayo kijiji peke yake kisingeimudu. Tena, kwa kuwa treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, wahandisi walikata vilima na kujaza mabonde. Leo mwenye baiskeli yenye magunia ya mkaa, au bibi anayerudi kliniki, hunufaika na hesabu zilezile zilizopigwa kwa ajili ya vichwa vya treni.

Umuhimu huo umeongezeka baada ya reli ya umeme kujengwa. Reli hiyo imezungushiwa uzio, na kwa haki, maana treni hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa chini ya nyaya za umeme. Watu na mifugo huvuka penye vivuko vilivyojengwa tu. Mwenye shamba ng'ambo ya uzio lazima kwanza akifikie kivuko, na pale reli mbili zinapokwenda sambamba, ukingo wa ile ya zamani unaweza kuwa ndio njia yake.

Funzo la Nachingwea

Kuna mfano wa nyumbani wa kinachotokea reli inapofungwa. Reli ya Kusini, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Mradi uliachwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Vyuma viling'olewa, na ukanda ukakoma kuwa kitu kimoja. Sasa serikali inapanga reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Ukanda wa zamani ungetunzwa, hata kama njia ya miguu tu, wapangaji wa leo wangekuwa na pa kuanzia.

Uingereza ilijifunza hilo kwa gharama. Baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, reli nyingi za vijijini zilifungwa na sehemu kubwa ya ardhi yake ikauzwa vipande vipande. Marekani ilichukua mkondo mwingine: tangu mwaka 1983 sheria inaruhusu ukanda wa reli isiyotumika ugeuzwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, kwa sharti kwamba treni zikihitajika tena, njia irudishwe. Sharti hilo linatufaa sana. Taifa linalojenga reli kwa mkopo halipaswi kutupa ukanda ambao umekwisha kutengwa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni usalama: kutembea relini treni zikiwa zinapita ni hatari. Ni kweli, na makala haya hayamwambii mtu apite katikati ya reli. Yanadai kijia kilichopimwa pembeni, ndani ya hifadhi ya reli ambayo ni pana kuliko tuta, na tuta lenyewe pale tu treni zitakapokoma.

La pili ni njaa ya ardhi. Kibaha inajaa, na bandari kavu ya Kwala inavuta viwanda na makazi. Lakini ukanda mwembamba ukigawanywa huwapa watu wachache vishamba vyembamba, na kuwanyima njia maelfu. Kiwanja kimoja kikiuzwa katikati, kilomita zote za mbele na nyuma zimepoteza thamani.

La tatu ni gharama. Madaraja yanahitaji matunzo, na chuma huvutia wezi wa chuma chakavu. Hata hivyo, daraja linalobeba watu na baiskeli hudai kidogo kuliko linalobeba mabehewa, na njia inayopitwa kila siku ina macho mengi ya kuilinda.

Hitimisho

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Ukanda huu ubaki ardhi ya hifadhi hata treni zikiondoka. Vijiji viuchore kama njia ya umma katika mipango ya matumizi ya ardhi inayoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Shirika la Reli Tanzania na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) wakubaliane nani atatunza makalavati na madaraja. Hatua hizi zichukuliwe sasa, wakati mipaka ya hifadhi bado inajulikana na ukanda bado ni mmoja. Ukishakatwa, hakuna fidia itakayouunganisha kwa bei ambayo halmashauri inaweza kulipa.