Ufuatiliaji wa VVU na ubora wa maabara nchini Tanzania

Ufuatiliaji wa VVU ni kazi ya kukusanya na kuchambua takwimu za maambukizi. Tanzania Bara iliuhitaji tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983. Awali makadirio yaliegemea mno damu ya wajawazito wa kliniki teule; wanaume walibaki kivulini hadi utafiti wa kaya wa 2003–2004. Utafiti wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU.

Takwimu hizo haziwezi kuwa bora kuliko vipimo vilivyozizaa. Kwa hiyo maabara hutumiwa sampuli ambazo majibu yake anayajua mtumaji tu, kisha hupimwa kwa majibu inayoyarudisha. Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika, huzipa maabara nyota 0 hadi 5 katika safari ya kuelekea ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Kosa hapa ni zito: asiye na virusi huanzishiwa dawa za maisha, au mama mwenye virusi hunyonyesha bila kinga.

Fedha nyingi za kazi hizi zimetoka Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza 2003. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje.