Kuachilia na Kunyang'anywa: Fundisho la Vairagya katika Historia ya Wahindu wa Bukoba na Muleba

Ni desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki kueleza nani alitoa kiwanja, nani alileta saruji na nani alikuwa mwenyekiti katika mwaka gani. Mambo hayo yamepewa waandishi wengine. Sisi tuliombwa kuandika habari za kale, nasi tumechagua kuandika historia ya fundisho moja linalotajwa mara kwa mara hekaluni, nalo ni vairagya, yaani hali ya moyo kutofungwa na vitu unavyovishika. Tunawaandikia wanajumuiya wenzetu, na tunawaandikia majirani zetu pia, kwa kuwa wengi wao wamewahi kutuuliza swali la haki kabisa: inakuwaje watu wanaofundisha kuiacha dunia wawe ndio hao hao wenye maduka?

Katika dini yetu lengo la juu la maisha huitwa moksha, ukombozi wa nafsi kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Kinachoifunga nafsi katika mzunguko huo ni matendo yake pamoja na tamaa inayoyasukuma. Waswahili husema kuipa dunia mgongo, na ndugu zetu Waislamu wana neno zuhudi. Maneno hayo yanakaribia tunachokikusudia, lakini hayakifikii sawasawa. Ni kweli kwamba wapo miongoni mwetu walioipa dunia mgongo. Sadhu wa Swaminarayan huweka nadhiri tano: kuacha matamanio ya mwili, kuacha uroho wa mali, kuacha anasa ya ladha, kuacha mfungamano wa kifamilia na kuacha majivuno, na fedha hawaigusi. Hata hivyo watu wa namna hiyo ni wachache katika kila zama. Kwa sisi tuliobaki, wenye wake, watoto na leseni za biashara, vitabu vimeweka malengo manne: dharma, yaani wajibu, artha, yaani mali, kama, yaani raha za maisha, na juu ya yote moksha. Mali imo katika hesabu hiyo. Haikufukuzwa.

Msingi wa jambo hili uko katika Bhagavad Gita. Arjuna, akiwa kati ya majeshi mawili, anataka kuutupa upinde na kuondoka. Krishna hamruhusu kukimbilia msituni. Anamtaka afanye wajibu wake pale pale aliposimama, bila kuyadai matunda ya kazi kana kwamba ni haki yake, na anampa mfano wa mfalme Janaka, ambaye alifikia ukamilifu akiwa bado anatawala. Mahatma Gandhi alipoitafsiri Gita kwa Kigujarati, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1930, aliipa jina la Anasakti Yoga, yaani njia ya kutofungamana. Kwa hakika Gandhi alikuwa amekwisha kuuona mfano wa njia hiyo kwa macho yake. Mwaka 1891 alikutana mjini Bombay na Shrimad Rajchandra, sonara kijana mfuasi wa dini ya Kijaini, ambaye alikuwa akikamilisha biashara kubwa ya lulu na almasi na papo hapo akafungua daftari lake la mambo ya roho. Rajchandra alifariki mwaka 1901 akiwa bado kijana.

Sisi watu wa Gujarat tulipokea fundisho hili likiwa limevikwa nguo za dukani. Shikshapatri, kitabu cha maadili alichokiandika Sahajanand Swami mwaka 1826, kinamwagiza mwenye nyumba aandike mapato na matumizi yake kila siku, asitumie kuliko anachopata, na atoe fungu la kumi kwa ajili ya Mungu. Aliye maskini atoe moja ya ishirini. Kanuni ya daftari imeshikwa na vizazi vyote bila kusitasita. Kanuni ya fungu la kumi ina historia yenye milima na mabonde zaidi.

Bukoba ilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 ikiwa kituo cha Wajerumani. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya ziwa zima ilipata njia ya kwenda pwani, zikiwemo ngozi na kahawa za upande huu wa Wajerumani, na wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar wakaifuata njia hiyo kuja bara, Wahindu na Waislamu pamoja. Maisha yao yalikuwa ya kukaza mkanda: duka mbele, kitanda nyuma, na barua yenye fedha kwenda nyumbani. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakauteka mji, yakabomoa kituo cha simu ya upepo kisha yakaondoka. Na kabla ya kuondoka mji uliporwa. Vitabu vya vita hueleza habari za mnara wa simu kwa urefu, na habari za maduka kwa mstari mmoja.

Kiswahili kina methali inayotuhusu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ni jina la kale la pwani la mfanyabiashara wa Kihindu, na methali yasema kwamba bidhaa yake inahitajika hata kama mwenyewe hapendwi. Baadhi ya wenzetu huchukia wakiisikia. Sisi twaona ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kusikilizwa. Yule mzee aliyekula dengu na wali mwaka mzima, akavaa shati moja mpaka likapauka, alijiona ni mtu wa kiasi. Jirani aliyesimama upande wa pili wa kaunta alimwona mtu ambaye moyo wake umo ndani ya droo. Yawezekana wote wawili walisema kweli. Mtu aweza kujinyima kila kitu huku akivitamani vyote, na kujinyima kwa namna hiyo hakuitwi vairagya.

Kisha ikaja miaka ambayo fundisho lilipimwa. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliziweka benki na njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Aprili 1971 ikafuata sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 likawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Majengo yaliyozidi umri wa miaka 10 hayakulipiwa fidia. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ila katika miji mingi majengo ya namna hiyo yalikuwa mikononi mwa Waasia, na wengi wakahama nchi. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Mutukula si mbali na hapa. Habari hizo zilifika Bukoba zikiwa bado za moto, na Septemba mwaka huo huo ndege za Amin zikaudondoshea mji huu mabomu.

Hatuandiki haya ili kufufua kesi. Nia iliyotangazwa mwaka 1971 ilikuwa kuzuia kuzuka kwa tabaka la wenye nyumba linaloishi kwa jasho la wapangaji, na Mhindu aliyeisoma Gita kwa makini hakosi kuliona jambo la kufikiriwa hapo. Tunaloliuliza ni jingine. Je, aliyenyang'anywa ameachilia? Hotuba nyingi tulizozisikia zilielekea kusema ndiyo: kwamba Mungu aliwafundisha wazee wetu vairagya kwa njia ya hasara. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Mtu aweza kupokonywa jengo na kulibeba moyoni hadi Leicester, akaihesabu milango yake kila usiku kwa miaka 40, na kulirithisha kwa wajukuu ambao hawajapata kuiona Bukoba. Mtu wa namna hiyo hana jengo, na bado amefungwa nalo. Kinyume chake, yuko aliyekodi chumba kimoja siku ya pili, akapanga sabuni na chumvi yake, na asitake kulizungumzia jambo hilo tena. Kwa macho ya dunia hasara yao ni moja.

Tumtazame Nanji Kalidas Mehta, ambaye wazee wa pande zote za ziwa walimfahamu kwa jina. Alitoka kijiji cha karibu na Porbandar, akaanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924, na akatoa fedha za kujenga Kirti Mandir, jumba la kumbukumbu ya Gandhi lililofunguliwa Porbandar mwaka 1950. Alifariki mwaka 1969, kwa hiyo hakuiona 1972. Kiwanda kilitwaliwa, na miaka ya baadaye familia ikarudishiwa. Alichokitoa mwenyewe hakuna aliyekuja kukitwaa, kwa sababu kilikwisha kutoka mkononi mwake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapata jina la Kagera mwaka 1979. Mara hii hasara haikuchagua dini wala kabila, na mkulima wa kaskazini ya mto alipoteza ng'ombe, nyumba na ndugu.

Hapa yatupasa kusema juu ya majirani zetu Wahaya, maana wao wana fundisho lao kuhusu kushika na kuachilia, nalo limo katika kibanja. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na ndani yake wamelazwa babu na bibi. Kuuza kibanja chenye makaburi ni kama kuwauza waliomo. Kwa hiyo Mhaya akituona tukiuchoma mwili wa mzazi wetu na kuyatia majivu majini, pasibaki hata jiwe, aghalabu huuliza kwa upole kama hatukumpenda. Jibu letu ni kwamba tulimpenda, na kwamba mwili ni nguo ambayo nafsi imeivua. Kuutunza ni kuizuia safari yake. Lakini tunakiri kwamba anayelala karibu na wazee wake ana nguvu ambayo sisi hatuna, na kwamba tumehama mara nyingi mno kwa urahisi. Aliyekosa kaburi la kumzuia hufungasha upesi.

Huenda jambo hili likawafurahisha wote wawili. Mto Kagera, unaohesabiwa na wanajiografia kuwa mkono wa mbali wa mto Nile, huingia ziwani kaskazini ya Bukoba, na maji ya ziwa hutokea Jinja. Ni hapo Jinja ambapo sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa mtoni mwaka 1948. Maji yanayopita katika vibanja vya Kagera hupita hapo pia.

Ama kuhusu Muleba, kuna somo ambalo hatukulikuta katika kitabu chochote chetu. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa wilayani humo. Ugonjwa huo hauna dawa ya kunyunyizia. Mkulima hana budi kuling'oa shina lililougua na kulifukia ili yaliyo mazima yapone. Wakulima wakaing'oa migomba iliyopandwa na baba zao, wakasubiri, kisha wakapanda upya. Kama kuna mtu wilayani aliyetenda wajibu bila kuwa na hakika ya matunda, ni yeye, naye hakuhitaji neno la Kisanskriti.

Tena kuna mpaka ambao mwalimu wa vairagya hapaswi kuuvuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na bibi na wajukuu tu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliua watu, likabomoa nyumba na kuziharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato. Kumwendea bibi huyo, au mtu anayelala chini ya turubai, na kumwambia kwamba vitu vyote ni vya kupita, ni ukatili uliovaa kanzu ya dini. Vairagya mtu hujidai mwenyewe. Jirani hudaiwa unga, blanketi na mabati, na mdaiwa ni mimi na wewe.

Limebaki jambo la ndani ya jumuiya yetu. Vitabu vimeyagawa maisha katika hatua nne, na ya tatu huitwa vanaprastha: mvi zikitokea na mjukuu akizaliwa, mwenye nyumba huwakabidhi watoto uendeshaji, akabaki mshauri. Kiswahili kimelipokea kutoka Kizanaki neno linalofaa kabisa hapa, kung'atuka, nalo lilienea nchini Mwalimu Nyerere alipokuwa akijiandaa kuacha urais, akauacha mwaka 1985, na hatimaye akarudi Butiama. Hakunyang'anywa na mtu.

Sisi tuliovuka miaka 60 tunazungumza vizuri sana juu ya majengo ya mwaka 1971. Funguo za sefu, hata hivyo, bado tunalala nazo, na viti vya kamati ya hekalu tumevikalia kwa miongo. Vijana wetu wanahamia Mwanza, Dar es Salaam na ng'ambo, nasi tunawalaumu kwa kuipenda dunia, ilhali hapa hatukuwaachia cha kusimamia. Mkutano mkuu ujao utachagua kamati mpya. Tunapendekeza kwamba mwenyekiti, katibu na mweka hazina wote wawe chini ya miaka 45, na kwamba wazee, mwandishi wa makala hii akiwamo, wasijaze fomu.